Swali la Msumari

...na sasa ameunyanyua tena mkono, ule wa kushoto, maana wa kulia umeshika simu inayorekodi, mbona hauchoki mkono huo, daraja lilianguka na watu juu yake wakati wa mvua zilizopita, na tangu hapo kila msemaji wa wizara anapotuita waandishi ukumbini humu Msumari huuliza swali moja, nani alitia saini kwamba daraja ni salama, hana la pili, hata kulipamba halipambi, ilhali langu nimelijenga kwa sehemu tatu, kila sehemu ikiibeba inayofuata, na jina hilo la Msumari nilimpa mimi, tulipokuwa meza moja kabla gazeti letu halijafungwa na kila mmoja akaanza kujitegemea, nilimpa kwa kejeli, yeye akalivaa kama nishani... "Dada yangu, wewe tumeshakujibu," anasema msemaji, ukumbi unacheka, lakini litazame jasho lile juu ya mdomo wake, anamwogopa, anamwogopa mwanamke asiye na ofisi, anayeandikia jikoni kwa mama yake, kompyuta imeegemea ndoo ya unga, na mimi niliyemtangulia chuoni, niliyemwonyesha namna ya kupanga aya, nani amewahi kutokwa jasho kwa ajili yangu, hata mke wangu, jana, akicheka peke yake na simu, "Huyu Msumari wenu akija hapa atatuuliza nani alitia saini cheti chetu cha ndoa," nikacheka naye, kisha ndipo nikang'amua kwamba anamsoma, kila juma anamsoma, na makala yangu ya Jumatatu sidhani kama aliifungua... "Mpeni kipaza sauti kaka yule wa miwani," kumbe ni mimi, "yeye huuliza maswali ya kistaarabu," na jasho limekauka, msemaji ameegemea kiti kama mtu anayengoja kunyolewa, kipaza sauti kimenifikia kikiwa na joto la viganja vya wengine, karatasi yangu ipo, sehemu zote tatu zipo, kistaarabu, amesema kistaarabu, na nyuma yangu yule mtangazaji wa redio ananong'ona, "Haya, mtaalamu, mbembeleze," kwa hiyo ndivyo ninavyojulikana, mtu wa kumpumzisha msemaji baada ya Msumari, nami nilidhani ninachomwonea wivu ni wasomaji wake, kisha nikadhani ni kule kuogopwa, la, ni kurudi kwake, kuchekwa leo na kuja tena mkutano unaofuata na uso ule ule, kwa kuwa waliofiwa darajani bado hawajajibiwa, mimi nikinyimwa jibu mara moja huhamia habari nyingine, na kuhama huko nimekuita upana wa fikra... "Tunakusikiliza, kaka," na wivu haujapungua hata chembe, umegeuka tu, mwanzo ulitaka anyamaze, sasa unataka niwe mimi nisiyenyamaza, na siwezi, si leo, swali langu nikilitazama ni mto wa kumlaza mtu huyu kichwa, mkono wangu wenye kipaza sauti unakwenda pembeni, alipoketi Msumari, unasita, unakwenda, "Swali langu analo huyu dada," sauti imetoka nyembamba, "Kaka, nafasi ni yako, haihamishwi," anasema msemaji akiketi wima, lakini Msumari ameshakipokea, hanitazami, hanishukuru, ameshaanza kuuliza.