Povu Moja

Pale karakanani kwetu kuna sheria ambayo hata meneja haivunji: aliyeifunga darubini ya bunduki haipimi. Wewe unapaka mafuta oringi, zile pete ndogo za mpira, unakaza, unatoa hewa yenye unyevu na kujaza gesi kavu ya nitrojeni ili vioo visishike ukungu kwa ndani. Kisha mwenzako anaizamisha kwenye maji ya moto na kuvizia mapovu, maana povu ni dalili ya kuvuja. Nyani haoni kundule, ndiyo maana.

Darubini ya Severin, mume wangu, niliifunga na kuipima mwenyewe. Hermine, mwenzangu wa kupima, alikuwa amekwenda kula, nami nilitaka iwe zawadi ya Severin ya kuzaliwa siku hiyo hiyo. Povu moja lilitoka kwenye kitufe cha kurekebishia. Nikajiambia ni hewa tu iliyonasa chini ya kifuniko.

Jumamosi asubuhi Severin alimjeruhi nguruwe mwitu dume kwenye mahindi. Kwetu mwindaji hamwachi mnyama afe kwa mateso. Humfuata hadi vichakani. Alipita nyumbani kumchukua mbwa, na bunduki ikatoka kwenye baridi kali ikaingia kwenye joto la jikoni. Ndipo lile povu likanirudia: kama darubini inavuja, imevuta unyevu wa jikoni, na kule baridini vioo vitashika ukungu kwa ndani. Hofu ilinishika, nikamkimbilia mlangoni.

"Severin, chukua ile darubini ya zamani."

"Ya zamani? Poldi, unataka wenzangu waseme naionea aibu kazi ya mke wangu?"

"Chukua tu, bwana!"

"Wewe pika viazi vyako. Nguruwe niachie mimi."

Ningemwambia habari za lile povu, angenisikia. Nikanyamaza kwa aibu, mpumbavu mimi.

Nilisikia mlio mmoja wa bunduki, kisha mbwa akabweka kwa muda mrefu, kisha kimya. Viazi viliungua nikaviacha viungue. Nilikuwa nikivaa viatu nikamtafute.

Majirani wawili walimleta wamembeba, paja limepasuliwa na meno ya yule dume. Daktari alimshona nyuzi ishirini na moja. Alipoondoka, niliketi kitandani nikamshika Severin mkono.

"Uliona nini kwenye kioo?"

"Weupe mtupu. Nikafuta, nikafuta, wapi!" Alijaribu kucheka. "Darubini yako haina kosa, Poldi. Ni macho. Ya baba nayo yalimwisha umri huu huu. Nimewaambia majirani waje kesho waichukue bunduki. Mimi na uwindaji basi."

Uwindaji ndio uhai wa Severin. Ningenyamaza tena, heshima yangu ingebaki, naye angejiona kipofu mpaka kufa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa asubuhi. Nikaenda jikoni, nikarudi na beseni la maji ya moto, nikaifungua darubini kwenye bunduki, nikaizamisha mbele yake.

Povu likapanda. Likafuata la pili.

"Unaliona?" nikamwuliza, nikamshika tena mkono. "Hata siku ile nilipoipima nililiona."

Severin aliliinamia beseni.

"Naliona vizuri," akasema, akauondoa mkono wake mkononi mwangu.