Donge Lililozama

Donge la viazi vilivyopondwa, likichemshwa mpaka likaiva, huelea. Alwine alilijua hilo tangu utotoni, lakini siku ile hofu ilimsahaulisha.

Asubuhi Warusi walikuwa wamemchukua jirani yao kwa sababu ya picha moja tu ya kiongozi wa zamani ukutani. Alwine akamsihi mumewe, Ottomar, aitupe nishani yake chooni. Mzee akagoma. Alikuwa amepuliza vyombo vya kioo cha moto miaka hamsini katika karakana moja, mapafu yakaungua, na serikali iliyokwisha kuanguka ikampa nishani ile ya msalaba kwa utumishi mwaminifu. Swastika, alama ya Wanazi, iliyokuwa katikati yake hakuichora yeye, alisema.

"Kazi ilikuwa yangu. Niitupe kazi yangu kwenye mavi?"

Basi mzee alipotoka kupasua kuni, Alwine akaitoa nishani kabatini na kuutia utepe wake motoni. Kila donge hutiwa vipande vya mkate wa kukaanga moyoni. Katika moja akatia msalaba, akalitosa sufuriani pamoja na mengine.

Ottomar alikuwa ndiyo kwanza ameketi mezani mlango uliposukumwa. Askari wawili wakapekua kabati, godoro, hata mtungi wa kabichi chachu. Kisha harufu ikawavuta jikoni. Yule aliyebabaisha Kijerumani akachungulia sufuria. Madonge yote yalielea. Moja lilikuwa limelala chini kama jiwe.

"Lile vipi, bibi?"

"Bichi," Alwine alisema. "Langu hilo."

"Bichi vipi?" Ottomar akadakia. "Si umeyatosa pamoja?"

Alwine alitamani ardhi immeze mzee yule na ukweli wake. Askari akapakua yote, akamwekea bibi lile lililozama, kisha akainamia sahani yake. Alwine akalichoma donge kwa uma, taratibu, kama anayegusa nge. Likalia: kling.

Askari akaacha kutafuna.

Ottomar akamtazama mkewe, akalitazama donge. Akaingiza vidole kinywani, meno yake ya bandia yakaanguka sahanini: kling.

"Mnisamehe, wakubwa," alisema kwa ufizi. "Yananitoroka tena."

Askari wakacheka mpaka machozi. Wakaondoka na madonge yaliyobaki, wamelisaza lile la bibi lililochomwachomwa.

Ottomar akalibeba donge kwa mikono miwili hadi chooni. Alikaa huko kitambo, kisha kitu kizito kikatua shimoni.

Aliporudi alinawa mikono, akavaa meno.