Friji Iliyomfuata Msusi

Asubuhi ya kwenda benki, msusi alipiga mswaki, akavaa gauni lake la kuendea harusi za watu, akafunga chumba. Friji ilikuwa imeshatoka, imesimama getini inamsubiri, waya wake umelala chini kama mkia.

"Leo utulie," aliiambia. "Usinitie aibu."

Friji ikanguruma kidogo, wakaondoka.

Msusi alikuwa anataka nyumba moja tu, ile ya kwenye kona, vyumba viwili na baraza pana linalotazama barabara. Baraza hilo alikuwa amelipanga kwa kodi, akisukia hapo vichwa vya mtaa mzima, kuanzia mabibi mpaka wajukuu. Sasa mwenye nyumba alikuwa anauza, na kwa kuwa msusi ndiye aliyemsuka mke wake siku zote, alimpa mpaka mwisho wa mwezi alete jibu la benki. Asipolipata, anakuja mnunuzi mwingine, na msusi atabeba vitana vyake akatafute kivuli cha ukuta.

Benki kulikuwa na foleni. Mzee mmoja alikuwa na pikipiki isiyo na tairi, imemwegemea begani. Mwalimu mmoja wa kike alifuatwa na simu ndogondogo nyingi, zinalialia nyuma yake kama vifaranga. Kijana mmoja hakufuatwa na kitu chochote, na ndiye aliyerudishwa upesi kuliko wote.

"Wewe hatukujui," aliambiwa.

Mlinzi aliifungulia friji mlango mkubwa, akaiomba isichuruzike kwenye kapeti.

"Karibu mama," alisema afisa mikopo. "Na mwenzako karibu."

"Hiyo nilishamaliza kuilipa, mwanangu. Zamani sana."

"Najua. Ndiyo maana inatembea yenyewe. Ungekuwa hujamaliza, ungekuja nayo mgongoni."

Alimuuliza habari za kazi, akaridhika. Kipato kipo, akiba ipo, nyumba yenyewe haina maneno. Kisha akainuka, akavuta kijimlango cha juu cha friji, akachungulia.

Ndani kulikuwa na miezi mitatu, wa sita, wa saba na wa nane, imeganda kila mmoja na pande lake la barafu.

"Hapa rejesho halikuja," alisema.

"Likaja baadaye. Nililipa mimi mwenyewe, na faini juu."

"Lilikuja, lakini lilichelewa. Mwezi ukishaganda, umeganda."

Alilitoa pande la mwezi wa saba, akalipangusa kwa tai yake. Ndani yake alionekana kijana mmoja dukani, amekaa kwenye kigoda, anajaribu viatu vya ngozi huku anacheka.

"Huyo mdogo wangu," alisema msusi. "Friji nilimchukulia yeye auze soda. Tuliandika jina langu kwa sababu yeye hakuna aliyemwamini. Kila mwezi ananiambia, dada, nimeshalipa."

"Namwona. Viatu vimemkaa."

"Basi si imfuate yeye?"

"Friji haifuati mnywaji, mama. Inafuata jina."

"Na barafu hii itayeyuka lini?"

"Itachukua miaka. Wengine wanaanika juani, haisaidii kitu. Wewe kopa vitu vidogo, ulipe kwa wakati, vikufuate vizuri vizuri. Halafu urudi." Akalirudisha pande mahali pake, akafunga taratibu. "Mkopo wa nyumba kwa sasa hapana."

Nyumbani msusi aliiacha friji wazi juani wiki nzima. Paka wa jirani aliingia akalala kwenye droo ya mboga, akatoka na mafua. Barafu haikutoa hata tone.

Mwisho wa mwezi ulipofika, mdogo wake alikuja. Tangu utotoni walimwita Tajiri, kwa sababu hakuwa na kitu. Nyuma yake ilikuja pasi ndogo ya umeme, safi, inatembea kwa adabu. Aliwahi kuikopa kwa jina lake mwenyewe, maana kitu kidogo hakikuhitaji kuaminiwa sana, na marejesho yake yote alikuwa akiyatoa dada yake, kila mwezi kabla ya tarehe, ili mdogo wake asije akaumbuka.

"Dada, benki wamenikubalia," alisema Tajiri. "Kale kanyumba ka kona. Wameiangalia hii pasi mbele na nyuma, wakasema hawajaona mtu mwaminifu hivi."

"Hongera," alisema msusi.

"Sasa we usihangaike. Baraza ni lako, si tuko ndugu? Kodi tutaelewana."

Wakaelewana. Ikawa juu kidogo ya ile ya zamani, kwa sababu benki nayo inadai.

Msusi akaendelea kusuka palepale. Friji aliisimamisha pembeni, wateja wakawa wanaweka maji yao humo, na ilikuwa inapoza vizuri bila umeme. Tajiri alipita kila mwisho wa mwezi kuchukua kodi, pasi nyuma yake, miguuni viatu vya ngozi vilivyoanza kupasuka. Siku moja alisikia kiu. Akafungua juu, akasukuma mwezi wa saba pembeni, akachomoa chupa ya mteja, akanywa yote.

"Chuma hiki," alisema, anaipigapiga friji. "Nilijua kuchagua."

Msusi alikuwa na kichwa cha mtu mapajani na kitana mdomoni.

Tajiri akaufunga mlango, akaukandamiza kwa goti mpaka ukabana.

"Usiwe unauacha wazi, dada," alisema. "Barafu itayeyuka."