Wa Saba Kule Japani

Kwa miaka kumi na minane, kila ilipofika siku ya michezo, mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyokuwa upande wa juu wa Msambweni, huko Kwale, alimsimamisha Muange Ndolo mbele ya watoto asimulie habari za Japani. Muange alikuwa askari wa magereza mstaafu, Mkamba wa bara aliyepata shamba kwenye skimu ya makazi mwaka wa sabini na tisa, akapanda mikorosho na minazi, akazoea hata samaki wa kupaka nazi wa watu wa pwani. Watoto hawakuyataka hayo. Walitaka kusikia jinsi alivyokwenda huko kushindana mbio kwa niaba ya Kenya, kwenye michezo ya dunia nzima ya mwaka wa sitini na nne, nchi ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja tangu ijitawale.

Naye aliwasimulia. Wanariadha walipangwa nje ya uwanja, nchi moja nyuma ya nyingine, na wao Wakenya bendera yao ilikuwa mpya hivi kwamba wenzao wa mstari wa mbele waligeuka kuuliza ni ya wapi. Viatu vilimbana. Walipoingia, uwanja mzima ukapiga makofi, makofi yale yale waliyopigiwa wote, lakini yeye machozi yalimtoka akashindwa kuyafuta kwa sababu waliambiwa mikono isiyumbe.

"Na mbio, babu?" watoto waliuliza.

"Mita mia nane. Nilikuwa wa saba."

Hapo shangwe ilipanda. Wa saba! Mbinya, mkewe, ndiye peke yake aliyejua kwamba katika mchujo ule walikimbia watu saba.

Miongoni mwa watoto hao alikuwamo Chirau, mwana wa Mbeyu, mjane wa Kidigo, mwenyeji wa hapo, aliyekuwa jirani yao. Chirau aliyasikia ya Japani akayaamini yote. Muange akamchukua, akamfundisha kupumua, kukata kona, kutoangalia nyuma. Kila alfajiri walikuwa barabarani, mmoja mbio, mwingine na baiskeli. Akiwa na miaka kumi na minane, Chirau aliwashinda vijana wa mkoa mzima. Akaitwa Nairobi kwenye majaribio ya timu ya taifa, akarudi akisema ataitwa tena. Akaitwa tena. Mara hii alilikuta jina lake kwenye orodha limekatwa kwa kalamu nyekundu, na juu yake limeandikwa la mtu mwingine. Alipouliza, aliambiwa asiwapotezee watu wakati. Akarudi Kwale, akawa anauzia watalii vinyago ufukweni Diani, na alfajiri hakutoka tena kukimbia.

Agosti ya tisini na saba, mambo ya Likoni yalipolipuka, vijana wakiwaua na kuwafukuza watu wa bara, vikaratasi vilianza kuokotwa hata huku kwenye skimu. Vilisema watu wa bara warudi kwao. Mbinya alikunja nguo siku ile ile. Muange akazikunjua.

"Mimi naijua nchi hii tangu haijaota meno," alisema. "Nani atanifukuza ndani yake?"

Siku ya tatu, asubuhi, Chirau aliingia uani akiwa na panga. Hakutoa shikamoo.

"Ondokeni, mwalimu. Saa sita isiwakute hapa."

"Umetumwa na nani?"

"Usiniulize. Ondokeni."

Muange aliingia ndani akatoka na fulana yake ya Japani, ambayo Mbinya alikuwa akiiweka kwenye sanduku pamoja na karafuu ili isiliwe na wadudu. Akaikunjua mbele ya kijana.

"Soma kifuani."

"Nimeisoma tangu nina miaka tisa."

"Isome tena."

"Kenya," Chirau alisema. "Ndiyo hiyo iliyonikata jina, mwalimu. Uliniambia nikimbie tu, nitafika. Nikakimbia. Nimefika wapi mimi? Hebu niambie, nimefika wapi?"

Muange aliikunja fulana.

Basi Chirau akaupiga mlango kwa bapa la panga, akapiga kelele, "Nje! Nje nyote!" Mbinya akatoka na mzigo kichwani. Kijana aliwasukuma mbele yake kama mbuzi hadi barabara kuu, akasimama katikati ya lami, akalisimamisha lori lililotoka Lunga Lunga, akazungumza na dereva kwa sauti ya chini, akamnyanyua Mbinya kwa kiuno akampandisha. Muange hakukubali kushikwa. Alipanda mwenyewe, goti likachubuka, na lori lilipoondoka hakumtazama kijana.

Walishushwa kwenye uwanja wa kanisa moja ambapo mamia ya watu wa bara walikuwa wameketi chini na magodoro yao. Jioni alipita ofisa mmoja na daftari, akimuuliza kila mtu ni nani aliyemfukuza. Wengi walisema hawakuwajua, ni vijana tu. Muange alisema Chirau. Akalitaja jina lote, la baba na la babu, akamsahihishia ofisa herufi.

"Yule ndiye aliyetutoa salama, Muange," Mbinya alimnong'oneza.

"Amenishikia panga. Mimi!"

Kesho yake mchana aliletwa mke wa Masila, jirani yao wa upande wa chini, akiwa na bandeji mkononi. Alisema vijana walifika jana saa saba, kundi kubwa, na sura zao ngeni. Masila alikataa kutoka. Walimkatakata mlangoni, kisha wakazichoma nyumba zote tano za mstari ule, ya Muange ikiwa ya tatu.

Muange alinyanyuka akaenda kumtafuta ofisa wa daftari. Alizunguka uwanja wote. Akaambiwa amekwishaondoka, na daftari lake.

Wakaenda bara, Makueni, kwa kaka yake Mbinya, wakapewa chumba kilichokuwa cha kuwekea mahindi. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka zikaja, Mbinya akashikwa na homa, na mwezi wa kwanza Muange akamzika. Alikufa bila ya kulitaja tena jina la Chirau, na kunyamaza kwake kulimuuma mumewe kuliko lawama.

Mwezi wa tatu Muange alirudi Kwale peke yake. Kwenye shamba lake palikuwa na mihogo ya mtu asiyemjua. Hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa Mbeyu, akamkuta akisuka makuti.

"Hodi."

"Karibu, baba." Alichungulia nyuma yake. "Mama Mbinya yuko wapi?"

"Tumemzika."

"Mungu amrehemu." Mikono yake ilirudi kwenye makuti. "Mwanangu alichukuliwa na polisi Agosti. Wanasema alichoma nyumba yako. Wewe ulikuwepo, baba. Alikuja kukuchomea, au alikuja kukutoa?"

"Alikuja kunitoa."

"Sasa nani aliyewapa jina lake?"

Muange aliketi chini, mchangani.

"Mimi," alisema.

Mbeyu aliweka kuti chini, akaingia ndani, akatoka amejifunga kanga nyingine.

"Twende ukayafute uliyoyasema," alisema.

Walitembea hadi kituo cha polisi, mama mbele, mzee nyuma. Askari wa zamu aliwasikiliza akiwa ameegemea kaunta. Akasema hapo hawana mtu wa jina hilo. Kama alipitia hapo, alihamishwa. Kama alihamishwa, hajui ni wapi, kwani wakati ule walikamatwa wengi. Muange akasema anataka kuandika maelezo mapya, kwamba yule kijana hana hatia.

"Maelezo yako ya kwanza yako wapi?"

"Kwenye daftari la ofisa."

"Ofisa gani?"

Hakujua jina lake.

"Basi mzee, utafuta nini?" askari alisema, bila ya ubaya wowote, akawaonyesha benchi.

Wakakaa hapo. Saa kumi na moja walijulishwa kwamba mkubwa hatarudi leo. Mbeyu alijifunga upya kanga yake.

"Kesho tena," alisema, akashika njia ya kwake.

Muange alibaki amesimama nje ya geti. Mbeyu hakumwambia amfuate, naye hakuwa na ujasiri wa kumwomba mahali pa kulala.