Filimbi ya Shimo la Songwe

Asubuhi ya ziara Neli aliujaza maji mtungi wake, akaufunika kwa jani la mgomba, akajitwika. Ulikuwa mtungi wa Ikombe, kwao, aliofinyanga kwa mikono yake mwenyewe, na maji yake hukaa baridi hata jua likiwaka namna gani. Wazungu walikuwa wamelisikia jambo hilo, wakataka maji yao ya safari yabebwe hivyo. Ndiyo maana mwanamke wa makamo kama yeye alipata nafasi katika msafara. Heshima hiyo hakuwa na haja nayo. Alitaka kuingia shimoni amtoe mumewe aliyefia humo, akamzike Busale penye migomba ya ukoo. Mtu asiyezikwa matanga yake hayaanuliwi, na Neli alikuwa amechoka kuwa mjane nusu.

“Ugonile, mama Jonasi,” alisalimu Ezroni, karani wa boma, aliyekuwa kiongozi wa ziara.

“Ndaga, karani.”

Ezroni alizaliwa Katumba Songwe, lakini tangu apewe viatu alipazungumzia kama mahali alipopaona kwenye ramani. Wageni wake walishuka melini Mwaya, kando ya ziwa, wakiwa watatu: bibi mwenye kamera, mchungaji mwenye mafua, na mzee mnene ambaye watu wa huku walimwita Bwana Filimbi. Wakati wa vita huyu ndiye aliyesimamia shimo la makaa ya mawe, na filimbi yenyewe bado ilining'inia shingoni mwake. Wageni wakakaa mbele ya lori. Neli akapanda nyuma pamoja na viti vyao, akakaa katikati ya miguu ya viti.

Walianza na nguzo ya ukumbusho. Ezroni alisoma majina ya Wazungu waliokufa vitani, kisha akasoma jina la mbwa wa kapteni, Ponto, ambalo nalo lilikuwa limechongwa vizuri, kwa herufi za dhahabu. Chini kabisa, penye nyasi, paliandikwa: na Wapagazi. Hapo Ezroni hakuinama. Mchungaji alimwombea mbwa kwa maneno mazuri, akapenga kamasi, na wote wakanywa maji ya Neli.

Shimoni, watu wa wakati wa vita walikuwa wakiendelea kuchimba. Dari iliwaporomokea mwaka wa mwisho wa vita wakafa wote siku ileile, lakini Bwana Filimbi alikuwa amewaambia wasiache kazi mpaka apulize, na saa ile alikuwa akinywa chai. Hakupuliza, basi hawakuacha. Kifusi walikiondoa wenyewe kwa kuwa kiliwazuia kazi. Kila wiki makaa yao yalikutwa mdomoni mwa shimo, yamepangwa vizuri, na serikali ikatuma lori kuyachukua. Haikuwalipa, kwa sababu wafu hawalipwi. Wala haikuwaandika kuwa wafu, kwa sababu walikuwa kazini. Ndugu zao walikatazwa kuingia wasije wakawachelewesha.

Ezroni alitangulia na taa. Bibi wa kamera aliwaomba wachimbaji wasogee penye mwanga, nao wakasogea. Aliwagusa mashavu, akasema wamehifadhika.

Penye wembamba wa njia, Neli alimwona mzee akija na kapu la makaa kichwani. Alikuwa baba mkwe wake. Walichukuliwa siku moja, baba na mwana, wakabebeshwa mizigo ya jeshi kabla ya kuletwa shimoni. Mke wa Kinyakyusa hatazamani na mkwewe wala halitaji jina lake; Neli aliyashika hayo tangu alipoolewa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kifo kinayafuta. Akajifunika uso, akageukia ukuta. Mzee akakohoa, akatua kapu, naye akageukia ukuta wa pili. Wakapitana mgongo kwa mgongo, polepole, kwa adabu zote. Bibi alicheka sana, akapiga picha.

Angetile, mumewe, alikuwa mwisho wa njia, kijana vilevile kama siku aliyochukuliwa.

“Umezeeka, Neli.”

“Nimekuja kukuchukua. Kaburi limeshachimbwa.”

“Filimbi haijapigwa.”

Neli alimrudia Ezroni, akamwomba amwambie yule mzee mnene apulize. Ezroni alitafsiri kwa aibu, kama mtu anayeomba radhi kwa ajili ya mbuzi wake. Bwana Filimbi alifurahi kwamba anakumbukwa. Alifuta filimbi kwa leso, akamkonyeza bibi, akapuliza.

Sururu zilianguka zote kwa pamoja. Wafu wakatoka juani, wakajipanga mstari bila kuambiwa. Neli alimpa Angetile maji; yakapita ndani yake yakalowesha vumbi, naye akashukuru. Kwa muda huo mfupi Neli alikuwa na furaha kamili.

Lori lilikuwa limezama kwenye tope. Ezroni aliliangalia lori, akaviangalia viti, kisha akawaangalia watu wale waliosimama bure.

“Jitwikeni,” alisema.

Wakajitwika. Walikuwa wapagazi kabla ya kuwa wachimbaji, na kazi hiyo hawakuisahau. Bwana Filimbi walimbeba juu ya kiti chake, akasinzia njiani mdomo wazi. Mkwe alikuwa wa mwisho mstarini, kwa hiyo Neli ilimbidi abaki nyuma sana, njia nzima hadi Mwaya, akimeza vumbi la mumewe.

Ufukoni, baba mkwe alipopanda na mzigo wake melini, Neli alimkimbilia Angetile.

“Weka chini hicho kiti. Twende Busale.”

Angetile alikiweka. Ezroni akasema, “Mama, usituharibie safari ya watu.” Angetile akakinyanyua tena. Neli alimtazama kijana huyo mzuri, mtiifu, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akamdharau, akaumia kwa kumdharau.

Wote walipanda melini na mizigo, na hakuna mfu aliyeteremshwa. Bwana Filimbi alisema huko kusini wamefungua shimo jingine, na watu wasiokula ni bahati kuwapata.

“Watarudi lini?” Neli aliuliza.

“Filimbi ikipigwa,” alisema Ezroni, akaenda kupangusa viatu.

Meli ilipong'oa nanga, sauti ya Angetile ilimwita jina lake mara nyingi kutoka sitahani. Lakini mkwe naye alikuwa amesimama upande huohuo, karibu na mwanawe, na wachuuzi wa samaki walikuwa wakitazama. Neli aliinua mkono mmoja akapunga. Kwa mwingine akashikilia nguo usoni mpaka moshi wa meli ulipoisha.