Sauti ya Mjomba

Chuo cha uuguzi kilikuwa na mgonjwa mmoja asiyepona wala kufa. Alikuwa sanamu la plastiki lililong'oka sikio moja, limelazwa katika chumba cha mazoezi na kufunikwa shuka hadi kifuani. Wanafunzi walimwita Mjomba. Walimwogesha, wakamgeuza, wakamdunga sindano kutwa, naye hakulalamika hata siku moja. Na kwa kuwa hakuwa na ulimi, kila mwanafunzi alilazimika kumjibia.

Hakuna aliyemjibia vizuri kama Kasuku. Jina hilo alipewa na wenzake kwa jinsi alivyozikariri hatua zote bila kumeza mate. "Shikamoo, Mjomba," angesema, kisha akaishusha sauti kooni: "Marahaba, mwanangu." "Jina lako ndilo hili la kwenye faili?" "Ndilo, mwanangu, endelea tu." Wenzake walicheka hadi kushika mbavu, na Kasuku akavimba kichwa.

Siku ya mtihani wa vitendo kichwa kilikuwa kimenywea. Alikwishaanguka mara moja, kwa kumwagia mtahini trei nzima miguuni. Akianguka tena, afungashe virago. Na nyumbani mama yake alishaanza kumwita Nesi mbele ya majirani, na majirani nao, bila haya, walishaanza kuleta vidonda vyao mlangoni.

Wodini alipewa mgonjwa wa kitanda cha dirishani, ampe vidonge vya kushusha sukari. Mtahini, mama wa maneno machache, alisimama miguuni pa kitanda na kalamu yake. Kasuku alinawa mikono vizuri, akasogeza trei, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, babu."

Kabla mzee hajafumbua mdomo, sauti nzito ilitoka kifuani mwa Kasuku mwenyewe: "Marahaba, mwanangu."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyeshonwa tumbo juzi, akaangua kicheko huku amejishika. "Jamani, nyuzi zangu!"

Mzee alimkazia Kasuku macho. "Mwanangu, hiyo marahaba ilikuwa yangu."

"Samahani, babu."

"Umeshaichukua, kaa nayo. Haya, lete hizo dawa." Akakinga kiganja.

Kalamu ya mtahini iliandika kitu. Kasuku alitamani ardhi ipasuke. Kiganja kilikuwa wazi, vidonge vilikuwa tayari, na ile "endelea tu" ilikuwa imeshamfika kwenye ncha ya ulimi. Akaung'ata, akaumia kweli.

"Babu, jina lako nani?"

Akanyamaza. Kunyamaza hakukuwa kazi aliyoizoea. Mzee alikohoa, akaweka mto sawa, akachungulia dirishani.

"Unataka langu," mzee alisema hatimaye, "au la mwenye kitanda?"

"Kwani kitanda si chako?"

"Changu kile kule. Mwenzangu upepo wa dirishani unamtesa, asubuhi nikampisha. Mimi napenda kuangalia wapita njia."

"Na sukari unayo, babu?"

"Sukari ya nini? Mimi nimeletwa na mguu." Akafunua blanketi, na plasta ngumu hiyo hapo.

"Sasa mbona ulikinga mkono?"

"Hospitali, mwanangu, ukipewa unapokea."

Kasuku alimwona akilini mzee huyu mcheshi akitetemeka, akipoteza fahamu, naye ameinama juu yake akijijibu mwenyewe. Hofu aliyoipata haikuwa ya mtihani tena. Alirudisha kikombe cha vidonge kwenye trei.

"Mwalimu, huyu siye. Simpi."

Mtahini alilitazama faili, akamtazama mzee, akavua miwani. Ni dhahiri naye hakuwa na habari. "Nenda kwa mwenyewe," alisema taratibu.

Mwenyewe alikuwa akikoroma. Kasuku alimgusa bega, akamwamkia, akasubiri. Alisubiri hadi yule wa nyuzi akashindwa kuvumilia. "Mzee, mwitikie basi! Mtoto wa watu anatufia hapa!"

Muhula uliofuata, wanafunzi wapya walikizunguka kitanda cha Mjomba. Kasuku, akiwa na sare ya darasa la juu, aliitwa kuwaonyesha namna ya kutoa dawa. Alinawa mikono, akainama.

"Shikamoo, Mjomba."

Kimya. Wapya walitazamana. Mmoja alikohoa, mwingine akajikuna shingo.

"Dada," msichana wa mbele alinong'ona, "huyu hajibu."

"Naona," alisema Kasuku, na kikombe cha dawa kikabaki mkononi mwake.