Kompyuta Isiyo na Mdomo

Chris fundi alikuwa amekaa ukumbini kwangu Mkomani, kompyuta mpya juu ya meza, na boti yake ya kurudi bara, Mokowe, inaondoka kabla ya alasiri. Nilikuwa na saa moja ya kuamua, na nyumba nzima ilikuwa inaniamulia.

"Nyembamba kama manda ya sambusa," akasema jirani yangu Bi Ummu, akiizunguka ile kompyuta huku leso kaivuta hadi puani kwa ajili ya mgeni. "Na sidii yaingia wapi?"

"Haina mahali pa sidii, mama," Chris akajibu. "Siku hizi michezo yote iko kwenye akaunti. Unafungua, unacheza."

"Haina mdomo! Sasa hii yala nini?"

Wanawake waliokaa mkekani wakacheka.

Mapatano yalikuwa haya: Chris aniachie kompyuta mpya, achukue ile kuukuu pamoja na sanduku lote la sidii za michezo, maana ana wateja wa bara wasio na intaneti. Na ile kuukuu ilikuwa mahututi. Chumvi ya bahari imekula chuma chake, na sidii iliyoipokea jana leo huitema mara tatu kabla ya kuikubali. Ikifa, na wanawake wa mtaa hawaji tena baada ya adhuhuri kushusha pazia, kushindana michezo ya mpira na magari, na kumaliza habari za mji mzima kabla ya muadhini. Tangu binti yangu wa mwisho aolewe akahamia Mombasa, kelele zile ndizo hunifanya nisisikie ukubwa wa nyumba hii.

Akaunti nilikuwa nayo. Mahdi, mtoto wa kaka yangu, alikuwa amenifungulia, na kila Idi akinizawadia mchezo mmoja humo. Sasa yuko kijijini Mbwajumali kwa wakwe zake, lakini asubuhi alinitumia voisi. Nikaiweka wote wasikie.

"Shangazi, paswadi ndiyo hii: ndoo tuteze moya. Herufi ndogo, zishikanishe zote."

Rahima, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, akakamata kibodi kabla sijasema lolote. Taratata, akamaliza. Kompyuta ikakataa.

"Umeandika nini?" nikamuuliza.

"Alivyosema."

Chris akabonyeza alama ya jicho pembeni, maandishi yakaonekana: njootuchezemoja.

"Mwalimu, amesema ndoo!" Bi Ummu akadakia.

"Ndoo si ndiyo njoo? Nani aandika ndoo?"

Na kweli, nani? Sisi sote twasema ndoo, lakini tangu darasa la kwanza fimbo ilitufundisha kuandika njoo. Ulimi ni wa nyumbani, mkono ni wa shule.

"Mimi nilisikia ndoo ya maji," Chris akasema, akaandika yeye: ndootuchezemoja. Ikakataa.

"Tuteze! Amesema tuteze!" Hadil, jirani mwingine, akapiga kelele kutoka kwenye mkeka. Rahima akaandika tena, na jasho limemtoka puani: ndootutezemoja. Mara hii maneno yakaja mekundu. Limebaki jaribio moja, kisha akaunti itafungwa.



"Ikifungwa?" nikauliza.

"Utawaandikia wenye kampuni, kwa Kiingereza," Chris akasema. "Wiki, mwezi, sijui. Na watamtaka mwenye jina."

Nikampigia Mahdi. Hapatikani. Nikapiga tena.

"Kwa mkwe mtu hupokea simu saa ngapi?" Bi Ummu akasema. "Nasikia tangu subuhi wamempandisha juu ya paa aezeke makuti. Atajua kuoa."

Nikawaambia waondoe mikono. Nikaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, huku nikilitamka kila neno kama ninavyolitamka jikoni, na kila herufi nikiiangalia mara mbili. Nilipofika moya, kidole kikataka chenyewe kuelekea kwenye jei. Nikakirudisha. Nikabonyeza.

Ikafunguka. Bi Ummu akapiga kigelegele hadi leso ikamdondoka.

Kigelegele hakijaisha, pakatokea ukurasa mwingine. Kuna nambari imetumwa kwenye simu ya mwenye akaunti. Tuiandike ndani ya dakika kumi.

Simu ya mwenye akaunti ilikuwa Mbwajumali, imezimika.

Tukakaa tukiangalia dakika zikipungua. Hakuna aliyesengenya mtu. Zikaisha. Chris akaanza kukunja nyaya zake.

"Mama, boti. Tufanye biashara tu. Akipatikana si atakupa nambari?"

"Na siku asipopatikana?"

Nikaliangalia sanduku. Sidii zile zimetoka kwangu zikalala nyumba za watu wiki nzima, zikarudi, na hakuna hata moja iliyowahi kuniuliza mimi ni nani.

"Niachie sidii zangu."

"Hiyo mashine ya zamani haimalizi mwaka, mama."

"Najua."

Akaibeba manda yake ya sambusa akaenda zake. Hajafika gatini, simu ikalia.

"Shangazi! Nilikuwa juu ya paa, simu ilikufa chaji, ndiyo kwanza naiwasha. Nambari ndiyo hii…"

"Mahdi, michezo ile ni ya nani?"

"Yako, shangazi."

"Imeandikwa kwa ina la nani?"

"Kwa ina langu. Lakini mimi si mtu mbali."

"Si mbali, mwanangu. Uko juu ya paa tu."

Nilipokata simu, wenzangu walishaiwasha ile kuukuu. Rahima alikuwa ameshika sidii ya magari, akaipulizia pumzi, akaanza kuifuta kwa pindo la leso.

"Si kwa leso! Utaikwaruza!"

Sauti yangu hata mimi sikuijua. Miaka yote sijamkemea mgeni ndani ya nyumba hii. Rahima akaiweka sidii mezani kwa ncha za vidole, taratibu, kama inaunguza. Nikacheka ili wacheke. Bi Ummu akatengeneza leso yake begani, akasema tuwahi kucheza, alasiri imekaribia. Lakini sidii ilibaki pale mezani, na leo hakuna aliyepigania zamu ya kucheza.